Parasite: maskini wanauana chini, bosi juu hana habari

Nianze na onyo kabisa, humu nimemwaga kila kitu mpaka mwisho, kwa hiyo kama hii muvi hujaiona ishia hapa, kaiangalie kwanza ndo urudi. Siwezi kuongelea siasa iliyomo bila kusema nani kamuua nani, maana siasa yenyewe imekaa pale pale.

Kwa ufupi kwa wanaoisikia kwa mbali: Parasite ni muvi ya Korea Kusini ya mwaka 2019, kaiongoza Bong Joon-ho, ina saa mbili na dakika kama 12. Mwaka huo huo ikabeba Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, ya kwanza kabisa kwenda Korea, na Februari 2020 ikachukua Oscar 4 ikiwemo ya filamu bora, tuzo ambayo muvi ya lugha isiyo Kiingereza ilikuwa haijawahi kuipata. Stori ni familia ya Kim, baba Ki-taek, mama, kaka Ki-woo na dada Ki-jung, wote hawana kazi ya maana, wanaingia mmoja mmoja kufanya kazi kwenye nyumba ya tajiri anaitwa Park. Wa kiume anaingia kama mwalimu wa tuisheni ya Kiingereza kwa cheti cha kufoji, wa kike kama mwalimu wa sanaa, baba dereva, mama dada wa kazi, na akina Park hawana habari kwamba hawa wanne ni damu moja. Nusu ya kwanza unacheka sana. Halafu usiku mmoja wa mvua kengele ya geti inalia, na kuanzia hapo hucheki tena.

Sasa kinachoniuma ni jinsi watu wanavyoielezea, eti muvi ya maskini kuwashukia matajiri. Jamani fuatilieni vipigo, muone vinaelekea wapi. Wa kwanza kuumizwa na akina Kim ni dereva wa zamani wa Park, kijana mwenye mshahara kama wao tu, anatiliwa chupi kwenye gari anafukuzwa kazi. Wa pili ni Moon-gwang, mama aliyekuwa anatunza ile nyumba hata kabla akina Park hawajainunua, anachafuliwa kwa mzio wake wa vumbi la pichi na uongo wa kifua kikuu. Baadaye huyo huyo Moon-gwang anasukumwa ngazini kwa teke la mama Kim, anagonga kichwa, anakufa. Mume wake anampiga Ki-woo na jiwe kichwani, anamchoma kisu Ki-jung, na mama Kim anammaliza huyo mume kwa chuma cha mishikaki. Yote hayo ni watu wasio na kitu kwa watu wasio na kitu. Kisu kinachokwenda juu kwa tajiri ni kimoja tu, cha Ki-taek kwa Park, kinakuja mwishoni kabisa, na hata hicho aliyekishika hakuwa amekipanga.

Kwa mimi hapo ndo kiini cha muvi nzima, na ndo sababu naiweka juu ya muvi nyingi za matabaka nilizowahi kuona, zile ambazo tajiri ni mshenzi tangu dakika ya kwanza na maskini ni malaika, mwisho mnapiga makofi mnaenda kulala.

Tuongelee wanapoishi. Nyumba ya akina Kim inaitwa banjiha, yaani chumba kilichozama nusu ardhini, dirisha lipo juu kwenye usawa wa barabara, kwa hiyo mnakula huku mnaona miguu ya watu na mlevi anakuja kukojoa hapo nje. Hii Bong hajaitunga. Banjiha zimetokana na vita baridi ya Korea zote mbili: mwaka 1968 makomandoo wa Kaskazini waliingia Seoul kutaka kumuua rais, na mwaka 1970 serikali ikabadilisha sheria za ujenzi, nyumba mpya za ghorofa chache ziwe na chumba cha chini cha kujificha vita ikilipuka. Mwanzoni kupangisha hivyo vyumba ilikuwa marufuku, ila miaka ya 1980 Seoul ilipojaa watu nyumba zikawa hazitoshi, wakaruhusu. Kwa hiyo handaki lililochimbwa kwa ajili ya adui wa nje likawa makazi ya mwananchi wa ndani. Na angalia muvi inavyolirudia hilo, kwa sababu kumbe hata ile nyumba ya kifahari ya Park ina handaki chini yake, msanifu aliyeijenga aliliweka kwa ajili ya vita na wadai, halafu akaona aibu kuwaambia wanunuzi. Matajiri wamenunua nyumba na hawajui kuna nini chini ya miguu yao.

Humo handakini ndo anaishi Geun-sae, mume wa Moon-gwang, zaidi ya miaka 4, anawakimbia watu wa mikopo baada ya duka lake la keki kufa. Keki zenyewe ni zile za kasutera za Taiwan, ziliwahi kuvuma kweli Korea, kila mtu akafungua duka, halafu upepo ukageuka wakafunga kwa mkupuo. Na hapa kuna kitu wengi wanakipita: baba Kim naye alishafanya biashara ya keki ikafa, na kabla ya hapo biashara ya kuku ikafa pia. Hawa wawili ni mtu yule yule. Mmoja amezama nusu, mwingine amezama mzima, tofauti yao ni ngazi chache tu.

Sasa ingia kwenye ule usiku. Akina Park wameenda kupiga kambi, akina Kim wamejiachia sebuleni wanakunywa pombe za bosi, Ki-taek ameshalewa kidogo anaanza kujiuliza yule dereva tuliyemfukuzisha atakuwa amepata kazi nyingine kweli? Binti yake anamkatisha kwa ukali, tujifikirie sisi, achana na huyo. Ni sini ndogo sana lakini mimi nilikaza macho hapo, kwa sababu ndo mara ya mwisho usiku ule mtu kwenye hiyo familia anamfikiria mfanyakazi mwenzake kama mtu. Dakika chache mbele Moon-gwang yupo mlangoni amelowa, anamwomba mama Kim amsaidie, amfiche mume wake, anamwita dada, anamwambia sisi wote ni wahitaji. Mama Kim anakataa katakata, mimi siyo mhitaji, na usiniite dada, anachukua simu awapigie polisi. Halafu wale watatu waliokuwa wanasikiliza ngazini wanateleza wanaanguka chini, Ki-woo linamtoka neno baba, Moon-gwang anarekodi kila kitu, na hapo hapo rungu linahamia mkono mwingine. Sasa ni yeye anayetukana na kutishia, kidole chake kipo juu ya kitufe cha kutuma video kwa mama Park, mume wake anakilinganisha na kombora la Korea Kaskazini, na yeye anaigiza sauti ya mtangazaji wa tivi ya Kaskazini huku wale wanne wamepiga magoti wameinua mikono.

Nimewahi kusikia watu wakisema hiyo sehemu ya kuigiza Kaskazini ni utani tu wa kupumzisha. Mimi naona ni sehemu ya siasa nzito kuliko zote humo ndani. Ni kama ndugu wawili wa damu, njaa moja, wamewekeana makombora mbele ya nyumba ya mtu wa tatu, na hakuna hata mmoja anayefikiria kwamba wakikaa chini dakika 10 wakakubaliana kuna nafasi ya wote, chakula kipo tele, handaki lipo, bosi hajui chochote. Nafasi ya wote ilikuwepo kabisa! Ila wamezoea kwamba kazi ni moja na watu ni mia tano, Ki-taek mwenyewe anasema humo humo kwamba siku hizi nafasi moja ya ulinzi inaombwa na wahitimu wa chuo mia tano. Ukishaishi hivyo miaka yote, mtu anayefanana na wewe ndo adui wako wa karibu.

Na huyu Geun-sae sasa, mimi ndo aliyenivunja kabisa. Kule chini ana picha ya bosi Park ukutani, anamheshimu kama mtakatifu, na kila bosi akirudi kutoka kazini akipanda ngazi, Geun-sae anapiga swichi kwa kichwa chake, moja moja, ili taa za ngazini ziwake kwa kila hatua. Juu bosi anapita, anadhani taa zinajiwasha zenyewe. Kaa na hiyo picha. Mtu anavimba paji la uso kila siku kumshukuru mtu asiyejua kama yeye yupo duniani, na kazi yake inahesabika kama mashine. Kama unatafuta sini moja ya kumwelezea mtu utabaka ni nini bila hotuba, ni hiyo.

Kuhusu akina Park wenyewe, nampongeza sana Bong kwa kuwafanya watu wa kawaida, wapole, wanasema asante, wanalipa mishahara. Mama Kim analisema vizuri akiwa amelewa, kwamba yule mama hana roho nzuri halafu na pesa juu yake, ana roho nzuri kwa sababu ana pesa, hela inanyoosha mikunjo yote kama pasi. Lakini muvi inawaonyesha pia kwamba hawajiwezi. Wanaendeshewa gari, hawapiki, hawafui. Park anamwambia dereva wake bila haya kwamba bila dada wa kazi, wiki moja tu nyumba itakuwa jalala na nguo zake zitaanza kunuka. Umesikia hapo? Yeye mwenyewe angenuka, kinachomzuia asinuke ni kazi ya mtu mwingine. Halafu ni huyo huyo anayelala kwenye sofa usiku ule wa mvua, anamsimulia mkewe harufu ya dereva, kama tambara lililochemshwa, harufu ya watu wa treni za chini ya ardhi, na Ki-taek amelala chini ya meza hatua mbili tu kutoka hapo, na watoto wake pembeni, anasikia kila neno. Hajibu, hawezi kujibu, ananusa tu shati lake taratibu. Song Kang-ho, anayemcheza Ki-taek, hapo haongei kitu na nadhani ndo sehemu alipoigiza vizuri kuliko muvi yote.

Harufu yenyewe ni uvundo wa banjiha. Ki-jung anawaambia wazi, hata tukibadilisha sabuni haitoki mpaka tuhame. Cheti unaweza ukafoji, Kiingereza unaweza ukajifunza, suti unavaa, ila nyumba unayolala inakufuata mpaka kwenye kiti cha mbele cha Benz ya bosi. Park anapenda sana kusema kwamba hataki mfanyakazi avuke mpaka, dereva wake havuki, ila harufu yake inavuka.

Halafu yale mafuriko. Wanatoroka usiku, wanashuka, wanashuka, ngazi baada ya ngazi, daraja, handaki la barabara, tena ngazi, maji yanashuka nao kutoka mtaa wa juu kwenda mtaa wa chini. Mpiga picha Hong Kyung-pyo anaiacha kamera iwaangalie kutoka mbali wanakuwa wadogo kama siafu. Wakifika nyumbani maji ya choo yamejaa kifuani. Choo chao kimeinuliwa juu karibu na dari, ndo hali ya banjiha, kwa hiyo Ki-jung anapanda anakaa juu ya mfuniko unaotapika maji meusi, anatoa sigara iliyofichwa darini, anavuta. Basi. Mtaa mzima ule ulijengwa ndani ya tangi la maji la studio ili waweze kuuzamisha, na nyumba ya Park nayo ni seti, mbunifu wake anaitwa Lee Ha-jun, lakini ukiangalia huwezi kuamini. Asubuhi yake mama Park yupo kwenye gari anaongea na simu, anasema mvua ya jana ilikuwa baraka, imesafisha hewa. Ki-taek ndo anaendesha, kavaa nguo za msaada alizopewa kwenye ukumbi wa michezo walikolala wahanga.

Na haya yametokea kweli. Agosti 2022 Seoul ilipigwa na mvua kubwa, kwenye mtaa wa Sillim-dong wanawake watatu wa familia moja, mmoja wao binti wa miaka 13, wakafa ndani ya banjiha maji yakiwa yamewazibia njia. Baada ya hapo jiji likatangaza kwamba halitaki tena watu waishi humo na litaziondoa taratibu, wakati ambapo Seoul peke yake ilikuwa na kaya kama 200,000 kwenye vyumba hivyo. Miaka mitatu baada ya muvi iliyoshangiliwa dunia nzima. Kwa hiyo mtu akiniambia Bong alitia chumvi namuonyesha hiyo habari.

Kitu kingine cha kisiasa ni kile ambacho hakimo. Hakuna chama cha wafanyakazi, hakuna mwanasiasa, hakuna maandamano, hakuna mtu hata mmoja anayetamka neno haki. Korea Kusini ni nchi ya migomo mikubwa, wananchi walijaa barabarani kuanzia 2016 mpaka rais Park Geun-hye akang'olewa 2017, na Bong na Song Kang-ho wote walikuwa kwenye orodha nyeusi ya wasanii ya serikali yake, hawa watu siasa wanaijua. Bong amesoma sosholojia chuo cha Yonsei. Kwa hiyo akiiacha siasa nje ameiacha makusudi. Akina Kim njia waliyobaki nayo ni moja, mchongo, kujipenyeza mtu mmoja mmoja kupitia mlango wa jikoni. Ki-woo ameufanya mtihani wa kuingia chuo mara nne hajapata, ana akili, anafundisha vizuri, ila hana karatasi. Anapofoji cheti anamwambia baba yake huu siyo uhalifu, ni karatasi nitakayokuja kuipata mwakani. Anaamini mfumo kuliko hata akina Park! Ndo maana mwisho wake unauma, baba yake baada ya kumchoma Park amejificha kule chini handakini, na yeye jibu lake ni nitatafuta hela nyingi nitainunua hiyo nyumba, baba utapanda tu ngazi. Muvi inakuonyesha kabisa anainunua, jua linawaka kwenye majani, halafu inakurudisha banjiha, usiku, theluji. Nikaichukia hiyo shoti na nikajua ni ya haki.

Haijakosa dosari lakini. Mama Park ameandikwa kirahisi sana, anaamini kila anachoambiwa, na ule mchezo wa kuwaingiza wanne wote unakwenda kwa mteremko mno, mara mbili tatu nilitamani mtu ashtuke kidogo. Kinachonikera zaidi ni Da-hye, binti wa Park. Ni mwanafunzi wa sekondari, mwalimu wake wa kwanza anasubiri aingie chuo amtake rasmi awe mpenzi wake, wa pili anambusu chumbani tuisheni ikiendelea, na muvi inapita hapo kama hakuna kitu. Muvi inayoona harufu, ngazi na taa kwa umakini wote ule ilitakiwa ilione na hilo, huyu mtoto ametumiwa na watu wazima wawili halafu akasahauliwa kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mdogo wake.

Kuna wanaosema pia ni unafiki, maana pesa ya muvi imetoka CJ, kampuni kubwa ya huko huko Korea, na Miky Lee aliyepanda jukwaani Oscar kama mmoja wa maprodyuza ni mjukuu wa mwanzilishi wa Samsung. Ni kweli, na inafaa kusemwa. Mimi hainifanyi nipunguze kuiamini. Inanionyesha tu kwamba kwa nchi ambayo uchumi umekamatwa na familia chache namna ile, hata hadithi ya banjiha lazima ipite mikononi mwao ndo ikufikie.

Kama unaenda kuiangalia, chukua ya rangi kwanza, ile ya nyeusi na nyeupe ni nzuri ila kijani cha bustani ya Park na ukijivujivu wa banjiha unavipoteza. Soma subtaito, achana na ya kuingiziwa sauti, minong'ono ya chini ya meza inaharibika. Watoto usiwaweke, kuna damu na kuna sini ya mapenzi kwenye sofa. Ukimaliza, usinijadilie nani kamchoma Park, hilo linaeleweka hata kwa mtu aliyesinzia. Niambie ungemfanya nini Moon-gwang pale mlangoni, amelowa, anakuita dada, na kazi yako ndo inamtegemea yeye asionekane. Mimi namlaumu mama Kim kwa lile teke, namlaumu kweli, na bado sijaona ni nani aliyewahi kumfundisha afanye tofauti.